Kuimba Kabla Mlango Haujafunguka

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hesabu 13:25–33; Mithali 23:6–8; Matendo 16:16–40; Wafilipi 4:4–13; 1 Wafalme 19:1–18; 2 Wakorintho 8:1–5.

Fungu la Kukariri: Wafilipi 4:8.

Wazo Kuu: Si kila mara imani hubadili yale yanayomkuta mtu. Hubadili jinsi anavyoyahesabu. Na kadiri mtu anavyohesabu moyoni, ndivyo anavyotenda.

Chukua mfano wa darasa moja la Shule ya Sabato. Mama aliyefiwa na mumewe miezi miwili iliyopita ameketi benchi la nyuma. Somo linahusu furaha. Mwanadarasa mmoja, kwa nia njema kabisa, anasema kwamba Mkristo wa kweli hana huzuni. Furaha ni uamuzi, na anayeshindwa kufurahi aipime imani yake. Wengi wanaitikia, "Amina." Yule mama hasemi neno. Sabato inayofuata, nafasi yake ni tupu.

Je, mwanadarasa yule alikosea? Maandiko yanafundisha wazi kwamba mawazo ya mtu yana nguvu juu ya maisha yake. Mithali 4:23 inaagiza moyo ulindwe kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu humo ndimo uzima unamotoka. Paulo anawaamuru waamini kufurahi, na anaiandika amri hiyo akiwa kifungoni. Kwa hiyo alichosema ndugu yule kina ukweli ndani yake. Hata hivyo, ukweli huo uliposemwa ulimwondoa mjane kanisani. Basi kuna jambo halikuwekwa mahali pake.

Swali la juma hili ni hili: imani na mawazo vinaigusa furaha ya mtu kwa njia gani, na vinaonekanaje katika matendo yake? Kwa sehemu kubwa jibu litatafutwa katika mji mmoja, Filipi, na katika usiku mmoja ambao watu wawili waliimba wakiwa wamefungwa miguu.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.


JUMAPILI

Waliona Nchi Moja

Soma Hesabu 13:25–33. Wapelelezi wote 12 walikubaliana kuhusu mambo gani? Walitofautiana wapi?

Musa aliwatuma watu 12, mmoja kwa kila kabila. Walitembea katika nchi ile ile kwa siku zile zile 40. Waliporudi, habari zao zilikuwa moja: nchi ni njema, matunda yake ni haya, miji ina maboma, na wakaao humo ni watu wenye nguvu. Wale kumi hawakusema uongo kuhusu maboma. Kalebu naye hakuyakana. Hakusimama mbele ya mkutano na kusema kwamba majitu hayapo au kwamba kuta ni fupi.

Tofauti ilikuwa katika kuhesabu. Wale kumi waliwahesabu adui, wakajihesabu wenyewe, wakapata jumla ya kushindwa. Kalebu na Yoshua walihesabu yote hayo, kisha wakamhesabu na Bwana (Hesabu 14:8, 9). Hapo ndipo imani ilipofanya kazi yake. Wawili hawa waliziona kuta kama wenzao walivyoziona. Ila hawakumwacha Mungu nje ya hesabu.

Angalia pia maneno ya mwisho ya wale kumi, katika Hesabu 13:33. Walijiona wadogo kama mapanzi, kisha wakaongeza kwamba hata wenyeji waliwaona hivyo. Walijuaje? Hakuna mwenyeji aliyewaambia. Fikira waliyokuwa nayo juu yao wenyewe waliiweka katika vichwa vya watu wengine, kisha wakaiogopa kana kwamba ni habari waliyoletewa. Miaka mingi baadaye Rahabu alieleza wenyeji wa nchi walikuwa na hali gani tangu waliposikia habari za Bahari ya Shamu: mioyo yao ilikuwa imeyeyuka kwa hofu (Yoshua 2:9–11). Waliojiita mapanzi walikuwa wakiogopwa.

Hesabu ile mbaya haikuishia moyoni. Usiku ule watu walilia, asubuhi wakataka kiongozi mwingine awarudishe Misri, na kizazi kizima kikamalizikia jangwani. Hofu iliyokuwa katika vichwa vya watu kumi ikawa mwendo wa miaka 40 kwa taifa zima.

Ni jambo gani maishani mwako ambalo umekuwa ukilihesabu bila kumweka Mungu katika hesabu hiyo? Una ushahidi gani kwamba watu wanakuona vile unavyojiona?


JUMATATU

Mwenyeji Anayehesabu Vipande

Soma Mithali 23:6–8. Fungu la 7 linazungumza juu ya mtu wa namna gani?

Fungu hili hunukuliwa mara nyingi, nusu yake tu. Watu husema kwamba mtu huwa vile anavyofikiri, basi afikiri utajiri naye atakuwa tajiri, afikiri ushindi naye atashinda. Wako wahubiri waliojenga mafundisho mazima juu ya nusu hiyo.

Lakini Sulemani anazungumzia meza ya chakula. Mwenyeji ni mchoyo. Mdomo wake unamwambia mgeni ale na kunywa, ila moyo wake hauko pamoja naye. Ni mtu anayesema, "Karibu, ongeza wali," huku jicho linahesabu vipande vya nyama vilivyobaki kwenye sinia. Ndipo mwenye hekima anaposema kwamba mtu yule ni vile alivyo nafsini mwake. Usimpime kwa ukarimu wa maneno yake. Hesabu anayoifanya kimyakimya ndiyo yeye.

Kwa maana hiyo fungu hili halimpi mtu uwezo wa kujiumbia mali kwa kuwaza. Linamvua kifuniko. Linasema kwamba maneno mazuri yasiyo na moyo hayambadilishi mtu, na kwamba siku moja kilichomo ndani kitatoka nje. Waswahili husema: kimjazacho mtu ndicho kimtokacho. Yesu alifundisha jambo hilo hilo katika Luka 6:45.

Hapa kuna onyo kwa kanisa linalopenda furaha. Inawezekana mtu akasimama mlangoni siku ya Sabato, akasalimia kila aingiaye, "Sabato njema," akaimba sauti ya kwanza bila kukosea, na moyoni akawa anahesabu makosa ya jirani yake. Inawezekana pia akavaa tabasamu kwa sababu anaogopa kuulizwa habari zake. Hiyo siyo furaha ambayo Biblia inaizungumzia. Anayemlazimisha mwenzake atabasamu anaweza kuwa anamfundisha unafiki tu, akidhani anamfundisha imani.

Kuna tofauti gani kati ya kuyatawala mawazo na kuyaficha? Toa mfano kutoka katika maisha ya kila siku: nyumbani, sokoni au kazini.


JUMANNE

Mlango Ulipofunguka

Soma Matendo 16:16–40. Paulo na Sila walifanya nini kabla ya tetemeko? Walifanya nini baada yake?

Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Ugiriki, juu ya barabara kuu ambayo Warumi waliiita Via Egnatia. Ulipewa jina la mfalme Filipo wa Pili, baba wa Aleksanda Mkuu. Baada ya vita vilivyopiganwa hapo mwaka 42 K.K., askari wastaafu wa Kirumi walipewa mashamba huko, na mji ukawa koloni la Rumi. Watu wake walijivunia Urumi wao. Hilo linasaidia kuelewa mashtaka ya Matendo 16:20, 21: wageni hawa ni Wayahudi, nao wanaleta desturi ambazo haziwafai Warumi.

Sababu yenyewe ya mashtaka ilikuwa fedha. Kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alikuwa amefunguliwa, na mabwana zake wakaona chanzo cha faida yao kimekauka. Paulo na Sila walivuliwa nguo, wakapigwa kwa bakora mbele za watu, wakatupwa chumba cha ndani cha gereza, miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Hawakuwa wamehukumiwa kwa kosa lolote.

Usiku wa manane waliomba na kuimba. Luka anaeleza kwamba wafungwa wengine walikuwa wakisikiliza. Mpangilio wa mambo ni wa muhimu hapa. Hawakuimba kwa sababu mlango ulikuwa umefunguka, maana ulikuwa bado umefungwa. Hakuna dalili kwamba walijua tetemeko linakuja, wala kwamba waliimba ili lije. Migongo yao ilikuwa mibichi kwa majeraha, na wimbo haukuifanya ipone. Baadaye Paulo aliwakumbusha Wathesalonike kwamba huko Filipi aliteswa na kutendewa jeuri (1 Wathesalonike 2:2). Hakujifanya kwamba haikuuma.

Kisha nchi ikatikisika, milango ikafunguka, vifungo vikalegea. Mlinzi wa gereza akaamka, akaona milango wazi, akachomoa upanga ajiue. Alijua sheria. Petro alipotoka gerezani Yerusalemu, Herode aliwaua walinzi waliokuwa zamu (Matendo 12:19). Mlinzi huyu alihesabu kwamba maisha yake yamekwisha.

Mtu aliyekuwa ameutumia usiku ule kuwaza kisasi angeona milango wazi akasema, "Bwana amenitetea," akaondoka zake. Hata Maandiko angeyapata ya kujitetea, maana Petro alitoka gerezani kwa agizo la malaika. Lakini Paulo hakusikia malaika akimwambia atoke. Alichokiona ni mtu gizani aliyekuwa karibu kufa, naye akapaza sauti kumzuia. Mtu huyo ndiye aliyewafunga miguu saa chache tu zilizopita.

Hapa ndipo penye kiini cha somo la juma hili. Hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa na kupima mema na mabaya. Upanga ulikuwa tayari nje ya ala. Tendo lilitoka katika moyo uliokuwa umeandaliwa na saa zilizotangulia. Wimbo wa usiku wa manane ulikuwa umewaweka Paulo na Sila mahali ambapo mlango ulipofunguka waliweza kumwona mlinzi kabla ya kuiona njia ya kutokea. Mawazo ya mtu ni maandalizi ya tendo ambalo bado hajaitwa kulifanya.

Mambo mawili zaidi yasipitwe. La kwanza: mlinzi aliwaosha majeraha saa ile ile ya usiku, akabatizwa, akaandaa chakula, akafurahi pamoja na nyumba yake yote. Gereza lake lilikuwa limetikisika, na hakujua makadhi watasema nini asubuhi. Furaha ilimkuta akiwa na bakuli la maji mkononi, akimhudumia aliyemwumiza. La pili: kulipopambazuka na makadhi wakaagiza wafungwa waachiliwe kimyakimya, Paulo alikataa. Aliwataka waje wenyewe, kwa kuwa waliwapiga hadharani raia wa Rumi bila hukumu. Imani iliyoimba usiku haikunyamazia uonevu asubuhi. Kanisa changa lililokuwa likibaki nyumbani kwa Lidia lilihitaji mji ujue kwamba viongozi wake hawakuwa wahalifu.

Ni mara ngapi mlango uliofunguka mbele ya mtu umekuwa jaribu kuliko mlango uliofungwa? Utajuaje tofauti kati ya nafasi aliyoitoa Mungu na nafasi ya kulipiza kisasi?


JUMATANO

Somo Linalojifunzwa

Soma Wafilipi 4:4–13. Orodhesha mambo ambayo Paulo anawaagiza waamini wayafanye. Yamepangwa kwa utaratibu gani?

Takriban miaka kumi baada ya usiku ule, Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa tena kifungoni, na wengi wanaamini kwamba ilikuwa Rumi. Waraka wake umejaa neno furaha. Huenda uliposomwa mara ya kwanza, yule mlinzi na watu wa nyumbani mwake walikuwapo wakisikiliza.

Kiswahili kinasaidia kuona jambo moja katika fungu la 4. Amri ni "furahini", haisemi "furahi." Inapewa watu wengi pamoja, na katika kanisa ambalo wanawake wawili watenda kazi, Euodia na Sintike, walikuwa hawapatani (Wafilipi 4:2). Paulo hakungoja ugomvi uishe ndipo ataje furaha, wala hakutaja furaha ili ugomvi ufunikwe. Aliwataja wote wawili kwa majina na kumwomba ndugu awasaidie. Furaha ya kanisa hubebwa pamoja, kama watu wanavyobeba mzigo kwenye mti mmoja mabegani.

Utaratibu unaofuata ni wa wazi: kuomba pamoja na kushukuru (fungu la 6), kutafakari yaliyo mema (fungu la 8), kisha kuyatenda (fungu la 9). Kila hatua ina ahadi ya amani karibu nayo. Neno la Kiyunani linalotafsiriwa "yatafakarini" lilitumika pia katika mambo ya hesabu. Ni kazi ya mwenye duka anayefungua daftari jioni na kuandika kila kilichoingia, asiache kitu. Watu wengi huandika madeni tu. Tusi moja la asubuhi huandikwa kwa wino mwekundu na kusomwa mara ishirini hadi usiku. Wema wa watu watano siku hiyo hiyo hauandikwi kabisa. Daftari la namna hiyo haliwezi kutoa jumla ya kweli. Ndiyo maana jambo la kwanza katika orodha ya Paulo ni lile lililo kweli. Hamwambii mtu ajidanganye.

Neno jingine, lililotafsiriwa "itawahifadhi" katika fungu la 7, ni la kijeshi: ni zamu ya askari wanaolinda mji. Wakazi wa koloni la askari wastaafu waliielewa picha hiyo mara moja. Paulo, aliyekuwa chini ya ulinzi wa askari, aliwaeleza kwamba moyo wake una mlinzi mwingine.

Katika fungu la 11 anasema kwamba alijifunza kuridhika. Hakuzaliwa na tabia hiyo, wala hakuipokea yote siku ya ubatizo. Neno alilotumia lilipendwa na Wastoiko, wanafalsafa waliotajwa katika Matendo 17:18. Kwao lilimaanisha mtu anayejitosheleza. Mmoja wao, Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika karne ile ile ya kwanza, alifundisha kwamba mtu hutaabishwa zaidi na hukumu yake juu ya mambo kuliko mambo yenyewe. Kuna hekima katika fundisho hilo, na hata waganga wa akili wa leo huwasaidia wagonjwa kuyachunguza mawazo yanayowaumiza. Lakini Mstoiko alitafuta nguvu ndani yake mwenyewe. Fungu la 13 linaonyesha Paulo aliipata wapi: kwa Kristo amtiaye nguvu. Yeye hakudai kwamba amejitosheleza. Mara tu baada ya maneno hayo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Mtu aliyeridhika hakuona haya kusaidiwa.

Fungua "daftari" lako la juma hili. Ni mambo gani ya kweli na mema ambayo hayakuandikwa?


ALHAMISI

Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Mungu alimfanyia Eliya nini kabla ya kumwuliza swali lolote?

Yule mama wa benchi la nyuma hajasahauliwa. Yote yaliyosemwa tangu Jumapili yanaweza kugeuzwa fimbo ya kumpigia aliyevunjika. Ikiwa mawazo hujenga furaha, mtu atasema, basi asiye na furaha amejitakia mwenyewe. Marafiki wa Ayubu walifikiri kwa njia hiyo, na mwishoni Mungu aliwakemea (Ayubu 42:7).

Eliya hakuwa na imani haba. Siku chache nyuma aliomba moto ushuke mlimani Karmeli, ukashuka. Kisha akapokea kitisho cha Yezebeli, akakimbia, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumhubiria juu ya kufikiri vema. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaguswa tena, akala tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kwake. Swali lilikuja baadaye, Horebu. Na hapo pia mawazo yake yalirekebishwa kwa habari ya kweli: alidhani amebaki peke yake, kumbe walikuwapo 7,000. Akapewa kazi, na akapewa mwenzake, Elisha. Usingizi, chakula, ukweli, kazi na mwenzi: hiyo ndiyo tiba ambayo Mungu aliichagua.

Paulo mwenyewe, katika waraka ule ule wa furaha, anakiri kwamba kama Epafrodito angekufa, angepata huzuni juu ya huzuni (Wafilipi 2:27), na anaandika sehemu nyingine akilia (Wafilipi 3:18). Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua kwamba baada ya muda mfupi atamfufua. Waebrania 12:2 inasema kwamba alistahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyokuwa mbele yake; lakini Gethsemane hakutabasamu. Furaha ya imani na machozi vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Furaha hiyo ni kumtegemea Mungu hata wakati ambapo moyo hauna raha.

Kuna pia huzuni ambayo ni ugonjwa. Inaondoa usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya kazi, majuma hadi majuma. Aliye katika hali hiyo anahitaji daktari, kama anavyomhitaji mwenye malaria, na kwenda hospitali si kukosa imani. Kumwambia tu aombe zaidi ni kumwongezea mzigo.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huona mwepesi. Warumi 12:15 inawataka waamini wafurahi pamoja na wafurahio na walie pamoja na waliao. Haiwaruhusu wachague nusu moja. Huko gerezani aliyelala kwenye chumba cha jirani hakuimba, alisikiliza. Huenda hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yake kwa usiku ule. Yuko mtu kanisani ambaye kwa sasa hawezi kuimba. Wanaoweza na waimbe karibu naye, bila kumdai sauti.

Darasa la yule mama lingefanya nini Jumapili asubuhi, baada ya kuona nafasi yake ni tupu?


IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma 2 Wakorintho 8:1–5. Makanisa ya Makedonia, Filipi likiwa miongoni mwao, yalikuwa katika dhiki nyingi na umaskini mkubwa. Paulo anaonyesha kwamba wingi wa furaha yao, pamoja na umaskini huo, ulizaa ukarimu kwa ndugu wa Yerusalemu ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona. Walisihi wapewe nafasi ya kutoa. Kanisa lililoanza na wimbo gerezani na bakuli la maji ya kuoshea majeraha liliendelea katika njia hiyo hiyo: lilichokihesabu moyoni kilionekana mikononi.

Katika karne ya ishirini, Viktor Frankl, daktari wa akili wa Kiyahudi kutoka Vienna, alipelekwa katika kambi za mateso za Wanazi mwaka 1942, na baadaye Auschwitz. Alifunguliwa mwaka 1945, akiwa amempoteza mke wake na wazazi wake. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu aliyoyaona. Alishuhudia kwamba katika njaa ile ile na baridi ile ile, wachache bado walimgawia mwenzao chakula na kumpa moyo. Alihitimisha kwamba mtu anaweza kunyang'anywa karibu kila kitu, ila akabaki na uhuru wa kuchagua atachukuliaje yaliyompata. Hakudai kwamba mateso yenyewe ni mema, wala hakuwalaumu waliokata tamaa.

Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, aliweka sura nzima juu ya uhusiano wa akili na mwili. Humo anaonyesha kwamba magonjwa mengi huanzia katika hali ya akili, na anaonya dhidi ya binadamu mmoja kuitawala akili ya mwingine. Anamwelekeza mgonjwa kwa Kristo. Onyo hilo linafaa kwa wote wanaofundisha juu ya mawazo na furaha: kazi yao ni kumleta mtu kwa Bwana aliyemlisha Eliya, kisha kumwachia Bwana kazi yake.

Maswali ya Kujadili

1. Kalebu hakukana kwamba kuta zipo. Je, katika kanisa lenu kuna ukweli mgumu ambao watu wanaogopa kuutaja wakidhani ni kukosa imani? Unaweza kutajwaje kwa imani?

2. Paulo aliimba usiku na kudai haki asubuhi. Ni wakati gani Mkristo anyamaze anapoonewa, na ni wakati gani aseme? Usalama wa wengine unaingiaje katika uamuzi huo?

3. Mlinzi wa gereza alipata furaha alipokuwa akihudumia. Je, mtu anapaswa kungoja ajisikie vizuri ndipo atende mema, au matendo mema huweza kutangulia? Linganisha na wale wakoma kumi waliotakasika wakiwa njiani (Luka 17:14).

4. Rudini kwenye mfano wa mama aliyeacha kuja. Ndugu aliyesema maneno yale ni mshiriki mwenzenu, na nia yake ilikuwa njema. Mtamsaidiaje naye aelewe, bila kumwaibisha? Na ni nani kati yenu atakayekwenda kumwona mama huyo kabla ya jua kuzama Sabato hii, atachukua nini mkononi, na atakaa kimya kwa muda gani kabla ya kusema?